Miaka mitatu Hastings: shakwe, mapipa ya taka na jirani asiyesalimu

MwanaChumbageni

Wakuu, habari za leo. Wakubwa shikamooni.

Mimi mtoto wa Tanga, Chumbageni. Oktoba hii nimetimiza miaka mitatu Hastings, mji wa pwani ya kusini ya Uingereza. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, mara nyingi zamu ya usiku. Nyuzi nyingi za Uingereza nilizosoma zinahusu viza, mishahara na nauli, na zimenisaidia sana. Ila siku ya kawaida haiandikwi: umetoka kazini saa mbili asubuhi, macho mazito, umekutana na nani njiani, nani kakuudhi, nani kakupoza. Na wengi niliowaona wakifunga virago walichoshwa na hayo hayo madogo. Leo na kesho sina zamu, nitaandika kwa vipande.

Kwanza mji wenyewe. Ukitaja Hastings, aliyesoma historia atakuambia vita vya mwaka 1066. Vita vyenyewe vilipiganwa kilomita kama kumi kutoka baharini, mahali ambapo leo kuna mji mdogo unaoitwa Battle, na jina hilo maana yake ni vita. Hapa kwetu ni bahari na vilima. Treni kutoka London ni saa moja na nusu na ushee. Mashariki ndiko Old Town, mji mkongwe wa wavuvi, vichochoro vyake vinapanda na kushuka kama ngazi. Magharibi tumeungana na St Leonards, na huko ndiko ulipo msikiti.

Bahari ya huku haina mchanga wa kutembelea peku. Ufukwe ni kokoto tupu, unatembea kama mtu anayekanyaga mahindi makavu. Maji yakipwa ndipo mchanga unaonekana kule chini. Na yanakupwa kweli: bamvua la huku linapanda na kushuka zaidi ya mita sita. Bandari hakuna. Walianza kujenga ukuta wa kukinga mawimbi miaka ya 1890, haukumalizika, hadi leo umekaa vile vile nusu. Kwa hiyo mashua zinalala juu ya kokoto. Ikirudi kutoka kuvua inavutwa kwa winchi, ikienda kuvua inasukumwa majini kwa tingatinga. Nyuma yake kuna vibanda vya mbao virefu, vyembamba, vimepakwa lami vikawa vyeusi tii, humo zamani walitundika nyavu.

Siku ya kwanza kufika hapo nilisimama nikalia. Harufu ilikuwa ile ile ya Deep Sea, diko la wavuvi kwetu Tanga: samaki, kamba mbichi na dizeli, halafu baridi inakupiga usoni kukukumbusha uko wapi.

Sasa kero. Ya kwanza ni shakwe. Nyie mnaolalamikia kunguru, njooni huku. Shakwe wanajenga viota juu ya mapaa, na paa la chumba changu wamelichagua. Mei wanaatamia, Juni na Julai makinda yametoka, na kuanzia alfajiri wanapiga kelele kama watoto wanaochekana. Mimi nimetoka zamu, nalala mchana, na mchana ndiyo zamu yao. Kuwafukuza huwezi: sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981 inakataza kuharibu kiota kinachotumika bila kibali. Na kitaifa idadi yao imeshuka sana, wamo kwenye orodha nyekundu ya ndege walio hatarini. Hapa mtaani huwezi kuamini.

Naweka chai, narudi.

Fundi_wa_Nyamagana

Nimeshajiweka mkao wa kula. Dada tiririka. Swali tu: huyo shakwe ndiye yule ndege mweupe wa ziwani? Huku Mwanza wapo, wadogo, hawana shida na mtu.

MwanaChumbageni

Ni ndugu yake, ila huyu wa huku ni mkubwa kama bata. Mabawa akiyafungua yanakaribia mita moja na nusu. Mdomo wa njano, na kwenye ncha ya chini una doa jekundu kama tone la rangi ya kucha.

Mwaka wangu wa kwanza, Desemba, nilipata iliki kwenye duka moja, nikapika maandazi. Miezi miwili sijayala. Nikafunga mawili kwenye karatasi nikaenda kukaa benchi la ufukweni nikayale nikitazama maji. La kwanza sijalifikisha mdomoni nikasikia upepo sikioni na kofi la bawa. Andazi limekwenda. Lilivyodondoka kwenye kokoto walilishukia kama kumi, sekunde tano halipo. Nilihisi nimeporwa na mtu mwenye akili zake.

Pembeni alikuwepo mzee mmoja na mbwa wake. Akaniambia, "Mtazame machoni. Hapendi kutazamwa." Nikadhani ni maneno ya wazee tu. Baadaye nikakuta watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter walilijaribu jambo hilo, mwaka 2019: waliweka mfuko wa chipsi chini, na shakwe waliotazamwa walichelewa zaidi kuusogelea kuliko wale ambao mtu aliwapa kisogo, na wengine hawakuusogelea kabisa. Tangu hapo nikila nje nakaa nimeegemea ukuta, na macho ninayo juu yao. Sijaporwa tena.

Mzee yule na mbwa wake naonana naye hadi leo pale kituo cha basi. Tutafika kwake.

Kaka_Leicester

Dada yangu, umenikumbusha mbali. Mimi nipo huku mwaka wa 14, lakini Leicester ni jiji, tupo Waswahili, Wasomali, Wahindi wa kutoka Uganda na Kenya, unaweza kupita siku nzima hujaongea Kiingereza. Mji mdogo wa pwani ni mtihani mwingine. Hebu gusia salamu. Mimi salamu ndiyo iliyonitesa kuliko baridi.

MwanaChumbageni

Kaka shikamoo. Salamu ndiyo kiini cha uzi wangu, nilikuwa nazunguka tu.

Tanga ukitoka nyumbani hadi dukani unaweza kutumia nusu saa. Hujambo, wazima, mama anaendeleaje, mguu wa babu, watoto wamefungua shule? Huku watakuuliza, "Uko sawa?", na miguu inaendelea kutembea. Wiki yangu ya pili binti wa dukani pale kwenye malipo aliniuliza hivyo. Nikamjibu. Nikamwambia mgongo unaniuma kwa sababu ya kuinua wagonjwa, na mama yangu hajapokea simu siku mbili. Akaacha kupitisha vitu, akanitazama, akatazama foleni nyuma yangu, uso ukamwiva. Hakujua afanye nini na maneno yangu. Nilitoka pale na mfuko wangu nikijisikia nimevuliwa nguo.

Halafu kuna hili la "mpenzi". Hapa mwanamke wa kwenye basi, fundi bomba, muuza mboga, wote wanakuita mpenzi, kipenzi, na wala hawakujui. Wiki za mwanzo mwanaume akiniita mpenzi nilikuwa nakaza uso na kushika mkoba. Kumbe ni kama vile sisi tunavyomwita mtu usiyemjua dada au shangazi. Wenye kuja huku, msigombane na mtu kwa neno hilo.

Ilinichukua kama mwaka kuelewa kuwa salamu wanayo, ila wameiweka kwenye hali ya hewa. Mzee wa mbwa kituoni hajawahi kuniuliza habari za nyumbani. Ananiambia, "Leo umegeuka," yaani upepo umegeuka. Au, "Itanyesha kabla ya saa sita." Mimi nikajibu, "Jana ilikuwa afadhali." Basi. Siku niliyopata mafua nikakosa kazi wiki nzima, niliporudi kituoni akaniambia, "Umekosa jua lote." Nilikaa kwenye basi nikaligeuza hilo neno kichwani. Alikuwa anahesabu siku ambazo sikuwepo.

Desemba ndiyo ngumu. Jua linazama kabla ya saa kumi alasiri. Mtu wa zamu ya usiku unaweza kumaliza wiki hujaliona. Usipokuwa na hata mtu mmoja wa kukuambia "leo umegeuka", utaanza kuongea na birika.

nyota_ya_asubuhi

Mada nzuri sana, sio siasa kila siku. Dada endelea na jirani wa kwenye kichwa cha habari, ndiye nimemfuata.

MwanaChumbageni

Haya, jirani.

Nyumba za mtaa wetu zimeungana, ukuta mmoja. Kulia kwangu anaishi bibi mmoja, sasa ana miaka 81, peke yake. Nilipohamia nilikwenda kugonga mlango nijitambulishe, kama nilivyolelewa. Alifungua kidogo, akasema asante, karibu, akafunga. Miezi minne nikipita namwamkia, anaitikia kwa kichwa na kuendelea na maua yake.

Sasa mapipa. Mtaa wetu taka zinazolewa kwa zamu: siku moja pipa la taka za kawaida, siku nyingine pipa la karatasi, makopo na chupa. Unalitoa mlangoni usiku au alfajiri, likishamwagwa unalirudisha ndani. Mimi nikitoka zamu nalala moja kwa moja, pipa linabaki nje mpaka jioni, mara nyingine mpaka kesho. Njia ya miguu ni nyembamba, mwenye kigari cha mtoto lazima ashuke barabarani.

Siku moja nimekuta kikaratasi kimebandikwa kwenye mfuniko. Mwandiko mzuri, wa kuegemea upande, wino wa buluu: "Tafadhali lirudishe pipa ndani siku hiyo hiyo likishamwagwa. Asante." Jina hakuna. Lakini wino ule niliuona kwenye vibao vya maua yake.

Iliniuma, wallahi. Mlango kwa mlango, hatua tano. Angegonga. Angeniita, "Wewe binti, pipa lako." Ningeona haya, ningeomba radhi, tungemaliza. Nilimpigia mama Tanga nikamsomea, mama akauliza, "Huko watu hawana midomo?" Nikakiweka kile kikaratasi kwenye droo. Sikukitupa. Na kwa miezi nikawa nampita bibi wa watu kimya, nalirudisha pipa kwa hasira.

Naenda kuswali, nitamalizia.

Mtoto_wa_Kibokoni

Pole sana dadangu. Mimi niko Mombasa lakini nilikaa Bristol miaka sita. Vikaratasi hivyo nilivipata vitano, friji, bafu, muziki, viatu, vyote. Wao waona kukugongea mlango ndiko kukuvunjia heshima. Karatasi wakuachia nafasi usione haya mbele ya mtu. Miye ilinichukua myaka kuliona hilo, na bado silipendi.

MwanaChumbageni

Kaka wa Kibokoni, umenigusa. Ningekupata mapema ningepunguza hasira za mwaka mzima.

Kabla sijaendelea na bibi, niwape la furaha, la vichwa vya samaki.

Jumamosi nikiamka mapema nashuka Old Town, kwenye vibanda vya samaki karibu na zile mashua. Samaki wa siku ile ile: vibua, samaki bapa wa kila namna, na majira ya kuchipua kuna dome, wale jamaa wa ngisi wenye mfupa mweupe mgongoni. Nilimwona muuzaji anakata vichwa anavitupa kwenye ndoo. Samaki mkubwa, kichwa kama ngumi mbili, mashavu yamejaa nyama. Moyo ukaniuma. Nikamwuliza anaviuza shilingi ngapi, nikajisahihisha, pauni ngapi.

Akaniuliza, "Una paka?"

Nikamwambia paka sina, nina tui la nazi. Hakuelewa. Nikaanza kumweleza pale pale, na watu wako nyuma yangu, jinsi bibi yangu alivyokuwa anakipasua kichwa katikati, anakipaka ndimu na chumvi, anakikaanga kidogo, halafu kitunguu, nyanya, bizari, pilipili moja nzima isiyopasuka, tui jepesi kwanza na zito mwisho. Na kwamba nyumbani shavu la samaki anapewa mgeni au baba. Yule bwana alisimamisha kisu. Foleni haikunung'unika, nadhani nao walikuwa wanasikiliza. Akainama kwenye ndoo, akachagua vitatu, akavisuuza, akavifunga kwenye karatasi nyeupe, akasema, "Chukua, mpenzi."

Jumamosi iliyofuata nilikuta karatasi imeshafungwa, iko pembeni juu ya barafu. Ni mwaka wa tatu sasa. Nikiwa na zamu ya Jumamosi namwambia mapema asiviweke. Mara moja nilimpelekea mchuzi kwenye chupa ya chai, akaunywa amesimama, na aproni yake ya mpira, mvua inamdondokea kofiani. Alisema neno moja tu, zuri, halafu akauliza ile pilipili nzima huwa inaliwa au inatolewa.

Fundi_wa_Nyamagana

Dada umetufikisha mbali. Hapa nimekaa na sato wangu nasoma, nimetazama kichwa chake kwa heshima mpya.

MwanaChumbageni

Haya, bibi wa jirani.

Tarehe 2 Mei 2024 bomba kuu la maji lilipasuka, lile linaloleta maji mjini, na lilipasukia msituni. Zaidi ya nyumba 30,000 za Hastings na St Leonards zikakauka, wengine siku nne na zaidi. Na ilikuwa wikiendi ya mapumziko ya Mei, mji umejaa wageni.

Mimi nina tabia niliyotoka nayo nyumbani: sikai bila maji ya akiba. Chini ya ngazi nina madumu mawili ya lita 20, na uani kuna pipa linalokinga mvua ya paa. Wenzangu niliokuwa nakaa nao wakati huo walinishangaa tangu mwanzo. "Maji yapo bombani, unaweka ya nini?" Mama yangu alitutekea maji saa nane usiku miaka mingapi, mimi niamini bomba?

Jioni ya kwanza nikamwaza bibi. Miaka 80, peke yake, vituo vya kugawa maji ya chupa viko mbali na magari yamepanga foleni. Hasira yangu ya kikaratasi ilikuwepo bado, sitasema uongo. Nikachukua dumu moja na ndoo, nikagonga.

Alifungua kidogo kama kawaida yake. Alikuwa na sufuria mkononi, ndani yake kuna maji kama vikombe viwili, ndiyo yote aliyokuwa nayo. Nikamwambia hili dumu ni la kunywa na kupikia. Halafu nikamwuliza choo. Akaona haya. Tangu asubuhi kilikuwa hakijasafishwa, na hakujua afanyeje kwa sababu kile kitufe hakina maji. Nikaingia, nikajaza ndoo kutoka pipa la mvua, nikamwonyesha: unamwaga kwa mkupuo mmoja, kutoka juu kidogo, usimwage polepole, hakiendi. Alitazama kama mtu anayeonyeshwa muujiza. Akasema, "Lakini ni rahisi hivyo?" Nikamwambia mama, kwetu mtoto wa miaka mitano anajua.

Siku zile zote nilikuwa nampelekea ndoo mbili asubuhi, mbili jioni. Jioni ya tatu ndipo aliponiuliza jina langu, na namna ya kulitamka. Alilisema mara nyingi hadi likakaa.

Katikati ya hayo hayo, asubuhi moja natoka zamu, kituoni nakuta mtu wa kijani. Uso kijani, mikono kijani, majani ya mmea unaotambaa ukutani mwili mzima, ngoma begani. Nilirudi nyuma hatua mbili nikasoma Ayatul Kursi. Kumbe ni sherehe yao ya Mei. Wanatembeza mtu aliyefunikwa majani toka juu mpaka chini, wanapiga ngoma mitaa yote ya Old Town, mwishoni wanampandisha kilimani na "kumuua" ili kiangazi kifunguliwe. Yule wa kijani aliniuliza kwa adabu kabisa kama najua wapi wanagawa maji.

Pemba_Kaskazini

Hiyo ya majani na ngoma ni Mwaka Kogwa yao hasa. Makunduchi twapigana kwa migomba, mwaka mpya uingie umesafishwa, na kibanda huchomwa. Watu wa pwani popote walipo wana lao la kuondoa nuksi.

nyota_ya_asubuhi

Dada samahani nakutoa kidogo kwenye mada. Mdogo wangu amemaliza kozi ya uuguzi msaidizi na anataka kuja kwa hiyo kazi yako. Kuna mtu anamdai milioni kadhaa amtafutie. Inawezekana bado?

MwanaChumbageni

Mdogo wangu, mwambie asitoe hata shilingi. Tangu Machi 2024 mhudumu wa wazee anayekuja huku haruhusiwi kuleta mume, mke wala watoto. Na tangu Julai 2025 mlango wa kuajiri wahudumu kutoka nje ya nchi umefungwa. Sisi tuliomo tunaendelea kwa masharti yetu, lakini mpya kutoka Tanzania kwa kazi hii, hapana. Anayechukua hela sasa hivi kwa ahadi hiyo anamwibia. Nimeshahudumia chai hapa jikoni kwangu wasichana wawili waliouza viwanja vya wazazi kwa njia hizo. Tafadhali mwambie leo leo.

Nirudi kwa bibi, kuna jambo ndilo lililonifanya nianzishe uzi.

Baada ya maji kurudi nilianza kumpelekea chakula. Sio kila siku. Nikipika pilau, au mchuzi wa nazi, au kaimati za Ramadhani, namwekea kwenye bakuli langu la kijani la bati, lile la maua, mnalijua, nilitoka nalo Tanga. Anapokea vizuri, anasema asante. Kesho yake au keshokutwa bakuli liko mlangoni kwangu. Limeoshwa, linang'aa. Na ni tupu.

Tupu kila mara. Mwaka mzima na nusu.

Nyie mnaojua mnajua. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Huna kitu? Weka sukari kidogo. Weka ndimu moja. Mama alikuwa anakopa chumvi nyumba ya tatu ili arudishe sahani ya nyumba ya kwanza. Bakuli tupu maana yake yamekwisha, tusizoeane. Kila nikiliokota pale mlangoni moyo unashuka. Najua hajui. Nimejiambia mara mia kwamba hajui. Lakini mwili haujui kwamba hajui.

Wiki iliyopita nimelikuta tena, na nikaona ua moja la pembeni limefutika kwa kusuguliwa. Nilikaa nalo kwenye ngazi. Wakuu, nimwambie au ninyamaze? Nikimwambia si ndiyo nitakuwa naomba malipo ya chakula nilichotoa kwa moyo?

Kaka_Leicester

Nyamaza. Ukishatoa umetoa. Kumfundisha mtu wa miaka 81 ni kumtwisha mzigo.

Mtoto_wa_Kibokoni

Mwambie! Yeye alikuandikia la pipa lake, nawe mwambie la bakuli lako. Kama hukumwambia, wewe ndiye uliyembakisha mgeni. Mwambie na ucheke, umpe na kisa cha mamako na chumvi.

Pemba_Kaskazini

Mwambie kwa upole. Hilo la chumvi ya nyumba ya tatu limenitoa machozi.

MwanaChumbageni

MREJESHO.

Wakuu, nimemwambia. Jana saa kumi jioni, nilimkuta anakusanya majani uani, tukaongea kupitia ukuta mfupi wa katikati. Nilianza na mvua, kama nilivyofunzwa na huu mji. Halafu nikamweleza kisa cha mama na chumvi, kama alivyosema Mtoto wa Kibokoni.

Alisimama na reki yake muda mrefu. Akaniambia kwao yeye alilelewa kuwa ukipewa chombo cha mtu, heshima ni kukirudisha upesi na kikiwa kisafi kuliko kilivyokuja. Mama yake alikuwa anakagua kwa kidole. Kwa hiyo bakuli langu kila mara alikuwa analisugua kwa steli wulu, na alishaogopa kwamba nimeona ua lililofutika. Ndiyo maana anaacha mlangoni hagongi: anajua nimetoka zamu nimelala, hataki kuniamsha.

Sikujua niseme nini. Nikamwambia, basi mama, siku nyingine sugua kidogo tu, na uweke chochote, hata sukari.

Jioni nikampelekea wali na mchuzi wa kichwa, nikamtolea miba yote.

Leo asubuhi nimerudi kutoka kazini, bakuli liko mlangoni. Limefunikwa karatasi ya foili, pembe zote zimekunjwa sawasawa kama zawadi. Ndani sukari nyeupe, imejaa hadi ukingoni, na juu yake kikaratasi, wino wa buluu, mwandiko wa kuegemea upande: "Sukari, kama ulivyosema. Pipa lako nimelirudisha ndani."